Mchele wa Barabara Namba Sita

Polisi wa Umoja wa Mataifa nchini Kambodia hatukubeba silaha. Tulikuwa kama 3,600 kutoka nchi nyingi, Kenya ikiwemo, na kazi yetu ilikuwa kuwaangalia polisi wa nchi ile wakifanya kazi yao, kuandika malalamiko ya raia na, uchaguzi ulipokaribia, kukaa jirani na vituo vya kupigia kura. Mimi nilipangiwa Kampong Thom, mji wa kando ya mto Sen, karibu nusu ya njia kutoka Siem Reap kwenda Phnom Penh. Nilikuwa kijana wa Kwale. Nilipofika, kitu cha kwanza nilichokitambua ni mivumo, imesimama kwenye mabonde ya mpunga, na watu wakiipanda asubuhi kugema. Leo nina wajukuu na pensheni, na mivumo ya kwetu nikiitazama hunirudisha kule.

Ninayotaka kuyasimulia hayamo katika ripoti yoyote niliyoiandika. Fomu zetu zilikuwa na nafasi ya tukio, nafasi ya majeruhi, nafasi ya hatua iliyochukuliwa. Hazikuwa na mahali pa kuandika kwamba watu walifurahi. Na watu walifurahi, Mei 1993, katika wiki ambazo sisi tulikuwa tukilala nyuma ya mifuko ya mchanga.

Aprili ilikuwa mbaya. Khmer Rouge, wapiganaji wa Pol Pot, walikuwa wametia saini Mkataba wa amani wa Paris wa Oktoba 1991 pamoja na pande nyingine tatu, kisha wakakataa kuweka silaha chini, kisha wakakataa uchaguzi wenyewe. Tarehe 8 Aprili, katika mkoa wetu, aliuawa Atsuhito Nakata, Mjapani wa miaka 25 aliyejitolea kusimamia uchaguzi, pamoja na mkalimani wake Mkambodia. Wenzake kadhaa wa kujitolea walifunga mizigo wakaenda zao, na sikumlaumu hata mmoja. Sokoni wanawake waliuza samaki wakiwa wameshafungasha vitu vyao vya maana kwenye vikapu, tayari kukimbia. Niliijua hali ile. Kabla ya kwenda Kambodia nilikuwa nimelinda wakimbizi wa ghasia za Bonde la Ufa, familia zilizolala uani mwa kanisa na magodoro yamelowa mvua, na nilijua jinsi watu wanavyonyamaza wakiwa wanasubiri habari mbaya.

Habari iliyotufikia ilikuwa nyingine kabisa. Mkalimani wangu, kijana aliyekulia Site Two, kambi kubwa kuliko zote kwenye mpaka wa Thailand, alikuja ofisini asubuhi moja akaniambia watawa wanakuja. Wanatoka Siem Reap kwa miguu, wanapita Barabara Namba Sita, wanakwenda Phnom Penh. Pamoja nao wapo watawa wa kike, bibi vizee, wakulima, mamia ya watu.

Barabara Namba Sita ya siku zile haikuwa ya kutembea. Wahandisi wa jeshi la China walikuwa wakiitengeneza upande wa kusini, lakini upande wetu ilikuwa mashimo na madaraja ya mbao, na nje ya lami hapakuwa na mtu wa kukuhakikishia kwamba ardhi haina mabomu. Ofisini wengi waliona ni jambo la hatari lisilo na maana. Isitoshe, safari yenyewe ilikuwa imeanza kwa damu. Usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, Siem Reap ilishambuliwa, na mapigano yakawakuta watembeaji wamekusanyika hekaluni. Baadhi yao walijeruhiwa. Guruneti moja lilitua ndani ya hekalu, katikati ya watu, lisilipuke. Walipokwisha kuwafunga majeraha waliojeruhiwa, waliketi wakashauriana kama waende au wasiende. Wakaenda.

Waliyaita matembezi yale Dhammayietra, hija ya mafundisho ya Buddha, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Mwaka 1992 walitembea kutoka mpaka wa Thailand pamoja na wakimbizi waliokuwa wanarudi kwao, na njiani wapo waliokutana na ndugu waliodhani wamekwisha kufa. Aliyewaongoza alikuwa Maha Ghosananda, mtawa aliyezaliwa Takeo, kusini mwa nchi. Pol Pot alipoitwaa Kambodia mwaka 1975, yeye alikuwa kwenye monasteri ya msituni huko Thailand. Kwa hiyo alipona. Ndugu zake wote waliuawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikwenda kambini mpakani, akajenga vibanda vya mianzi vikawa mahekalu, akagawa vikaratasi vyenye mafundisho ya upendo kwa viumbe vyote. Katika kambi zilizokuwa chini ya Khmer Rouge wenyewe, watu walitishwa wasiende kumsikiliza. Walikwenda kwa maelfu, na walipomsikia akighani maneno ya Kipali ambayo hawakuwa wameyasikia kwa miaka, walilia kwa sauti.

Inafaa msomaji ajue walikuwa wamenyang'anywa nini, maana bila hilo furaha yao haieleweki. Kati ya Aprili 1975 na Januari 1979 walikufa watu wapatao milioni 1.7, kwa njaa, kwa kazi, kwa maradhi, kwa kuuawa. Hilo dunia inalijua. Jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua ni la jikoni. Utawala wa Pol Pot ulipiga marufuku familia kujipikia. Masufuria yalikusanywa, watu wakala pamoja kwenye mabanda, uji mwepesi wa wali, kila mtu na kijiko chake. Fedha ilifutwa, soko likafutwa. Watawa walivuliwa majoho wakapelekwa mashambani na kwenye mitaro, wengi wakafa, na mahekalu yakageuzwa maghala na magereza. Katika dini ya watu wale, siku ya kawaida ilikuwa ikianza kwa kumpa mtawa kijiko cha wali anapopita asubuhi na bakuli lake. Maskini wa mwisho kijijini aliweza kufanya hivyo. Kwa karibu miaka minne hakuna mtu aliyeweza. Hata baada ya 1979, kwa miaka kadhaa serikali haikuruhusu mwanamume aliye chini ya miaka 50 kuwa mtawa, kwa hiyo mabakuli yaliyopita asubuhi yalikuwa machache.

Hayo nilifundishwa na bibi mmoja, mjane, aliyekaa karibu na hekalu ambako watembeaji wangelala. Alikuwa amerudi kutoka kambi ya mpakani, mmoja wa watu zaidi ya 360,000 waliorudishwa kabla ya uchaguzi, na aliishi kwa mgao wa chakula wa siku 400 aliopewa aliporudi. Nyumba yake ya miguu mirefu ilikuwa ya mianzi na makuti ya mvumo. Jioni ya kuamkia siku ya kufika kwao nilikuwa nimetumwa kuangalia usalama wa eneo, na nikamkuta anapima mchele kwa kopo na kuumimina kwenye kikapu, kopo baada ya kopo. Nikamwuliza kupitia mkalimani, mgao si utakwisha kabla ya mavuno?

Alinijibu bila kuinua macho. "Wakati wa Pol Pot walichukua sufuria yangu wakaniachia kijiko. Mwanangu aliniomba chakula nami sina. Kesho mtu atapita hapa ana njaa, nami nina mchele. Unataka nilale?"

Mkalimani alitafsiri, kisha akageuka akatazama upande wa barabara kwa muda.

Usiku ule hekaluni hawakulala. Nimehudhuria harusi za pwani, najua wanawake wanapokusanyika usiku kupika inakuwaje, na hata hivyo sikuwa nimeona shangwe ya namna ile. Walitwanga mchaichai na vitunguu saumu, walikaanga samaki wa ziwa la Tonle Sap, walifunga wali kwenye majani ya mgomba. Waligombana, kwa moyo wote, juu ya nani atasimama mbele njiani asubuhi. Kulikuwa na askari kijana wa jeshi la serikali, bunduki yake ameiegemeza ukutani, anasugua masufuria kwa majivu huku bibi mmoja akimkosoa. Kila mtu alikuwa anamwita mwenzake bibi, shangazi, kaka, mdogo wangu, na wengi wao hawakuwa na undugu wowote, ndugu zao wa damu walikuwa wamekufa. Mlio wa mizinga ulisikika mara mbili kwa mbali, upande wa kaskazini. Vicheko vilikatika, watu wakasikiliza, halafu kutwanga kukaendelea.

Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa Februari na Machi. Mimi nilifuturu na askari wa kikosi cha Indonesia waliokuwa wamepiga kambi Kampong Thom, Waislamu wenzangu, na usiku ule wa hekaluni ulinirudishia futari zile: njaa ya pamoja, halafu mkono wa jirani unakusogezea tende kabla hajala yake. Nilikaa na wale wanawake kama mgeni wa dini nyingine, nikaona sihitaji kufafanuliwa mengi.

Walifika asubuhi, jua halijawa kali. Kwanza tuliona bendera, kisha majoho ya rangi ya zafarani, kisha weupe, weupe mrefu wa watawa wa kike na bibi vizee wenye vichwa vilivyonyolewa, wamejitanda vitambaa vyeupe begani. Hao ndio waliokuwa wengi. Nasema hivi kwa kuwa picha zilizochapishwa baadaye zinamwonyesha kiongozi na watawa wa kiume, na kweli walikuwa mbele, lakini hija ile ilibebwa na miguu ya wanawake wazee. Baadhi walitembea pekupeku. Walikuja kwa mistari, hatua ya pole, hawazungumzi.

Kandokando ya barabara familia zilikuwa zimechuchumaa, kila moja na ndoo ya maji mbele yake, maua ya yungiyungi ndani ya maji, na vijiti vya udi vinafuka. Watawa walipopita walichovya majani kwenye ndoo wakawanyunyizia watu, na udi ukazimwa majini ili vita nayo izimike. Watoto walipiga kelele kwa ubaridi wa maji. Wazee walifumba macho. Maji yale watu waliyabeba nyumbani baadaye, wakanyunyizia milango, ng'ombe, na makaburi yasiyo na mtu ndani.

Maha Ghosananda alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye tabasamu ambalo sikuliona likiondoka. Alisimama kwa kila ndoo. Ratiba haikumsumbua hata kidogo. Aliwashika watu mikono, akawasikiliza, akasogea kwenye ndoo nyingine. Karibu na daraja palikuwa na kundi la wanajeshi, vijana wenye macho mekundu kwa kukosa usingizi. Waliziweka bunduki zao kwenye majani, wakavua kofia, wakapiga magoti tope likiwa bado bichi kwa mvua ya jana. Mkalimani aliwasikia wakiomba wasiuawe na wasimuue mtu. Maha Ghosananda aliwanyunyizia maji mengi, wakalowa, na mmoja wao akaanza kucheka na kulia kwa pamoja.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma kwa adabu, na sare yangu na kofia ya buluu. Yule bibi wa mchele alinivuta mkono akaniweka mstarini. Mtawa aliyepita hakuniuliza dini yangu. Maji yalinipata usoni. Nilisema kimoyomoyo Bismillah, na sijaona hadi leo kwamba palikuwa na mgongano wowote kati ya neno langu na maji yake.

Watawa wa madhehebu yao hawali baada ya saa sita mchana, kwa hiyo chakula kilitolewa mapema. Bibi alipata nafasi yake ya mbele. Alitia wali kwenye bakuli la kwanza, la pili, la tatu, akiinua mikono hadi kwenye paji la uso kila mara, na uso wake ukawa uso ambao sikuwa nimeuona kwake, wa msichana. Nimejaribu kuieleza furaha ile kwa watu wengi tangu hapo. Wengine hunijibu kwamba maskini wamefundishwa kuridhika. Siyo. Bibi yule hakuwa ameridhika na chochote. Alikuwa na hasira nyingi na aliwataja wauaji wa mumewe kwa majina ya vijiji vyao. Furaha yake ilikuwa ya mtu aliyerudishiwa haki, haki ya kuwa na mtu wa kumpa.

Mchana walipumzika chini ya miti ya hekalu. Wenyeji walipita kati yao wakiuliza: nani anatoka Stoung? Nani anatoka Baray? Unamjua fulani aliyekuwa seremala? Majibu mengi yalikuwa ya kutikisa kichwa. Hata hivyo waliendelea kuuliza, na walioulizwa walifikiri kwa dhati kabla ya kujibu, na nikaona kuulizwa tu kulikuwa faraja kwa watu ambao kwa miaka walikuwa wameogopa kutaja majina. Jioni wakaketi kutafakari. Mamia ya watu, watoto wamo, wanaangalia pumzi zao. Nimesikia ikisemwa kwamba dini ya Buddha ni ya kuukimbia ulimwengu. Aliyesema hivyo hakuwaona watu hawa wakiketi hivi kilomita chache kutoka kwenye mstari wa mapigano, kisha wakiinuka alfajiri kuelekea mbele.

Siku iliyofuata nilikuwa na zamu ya mapumziko, nikatembea nao kipande cha njia ya kwenda Baray. Tuliondoka bado giza. Agizo lilikuwa moja: mguu, pumzi, mguu, na upendo kwa kila unayemwona. Nilidhani nitachoshwa na upole wa mwendo. Kumbe mwendo ule ndio uliofanya kila mtu aonekane. Ukipita kijiji kwa gari la doria unaona nyumba; ukipita kwa hatua zile unaona mama anayetoka mbio na mtoto kiunoni kwa sababu amechelewa na ndoo yake, na unamsubiri. Mbele yangu alitembea bibi mwenye mguu mmoja na magongo mawili. Mwingine alimshikia mwavuli, na kila baada ya muda mwavuli ulipokewa na mtu mwingine bila neno. Jua lilipokuwa kali, mwanamke nisiyemjua alilowesha krama yake, kile kitambaa chao cha mirabamiraba, akanitandika kichwani. Niliporudi kituoni jioni miguu iliniuma, na wenzangu wakanishangaa kwa jinsi nilivyokuwa nazungumza.

Walifika Phnom Penh kabla ya siku ya kura, na idadi yao ikiwa imekwisha kuwa maelfu. Mwaka uliofuata walitembea magharibi, upande wa Battambang, wakanaswa kati ya majeshi mawili, na watembeaji wawili wakauawa. Mwaka 1995 wakatembea tena. Maha Ghosananda alifariki Machi 2007 huko Massachusetts, Marekani. Nilisoma habari hiyo Mombasa, nikampigia simu mke wangu. Yeye alikuwa amenisikia nikisimulia hadithi hii mara nyingi, na Agosti 1997, watu wa bara walipokimbilia kanisani Likoni kwa ghasia za pwani, ni yeye aliyeanza kupima mchele wetu kabla sijasema neno. Tuliupeleka na nazi. Wanawake waliokuwa wamekaa pale wamejiinamia waliomba wapewe wao kazi ya kukuna nazi, na nusu saa baadaye walikuwa wanabishana juu ya chumvi.

Nirudi Kampong Thom, 1993: kura ilipigwa kuanzia tarehe 23 Mei hadi 28. Tulikuwa tumejiandaa kwa mashambulizi. Alfajiri ya kwanza nilifika kituoni nikakuta mstari umeshapinda hadi nyuma ya shule, watu wamevaa nguo zao nzuri, wanawake wamejipaka poda, wazee wamebebwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe. Mvua ilinyesha, wakabaki. Katika nchi nzima karibu asilimia 90 ya waliojiandikisha walipiga kura. Wataalamu wana sababu zao, nami siwezi kupima hatua za watawa zilichangia kiasi gani, lakini mstarini nilisikia watu wakizungumzia maji ya barabarani.

Bibi alikuja siku ya pili. Alipiga kura, akatoka na kidole kimetiwa wino, akanitafuta. Alikuwa na kifurushi cha jani la mgomba: wali, samaki, kipande cha embe bichi. Alimwambia mkalimani kwamba polisi huyu hana mke hapa na hakuna anayemwangalia. Nilikula nimesimama, yeye akinikodolea macho hadi tonge la mwisho, kisha akauliza kikoje. Nikamwambia ukweli, ni kitamu, ila chumvi imezidi kidogo. Akasema amesikia, na watembeaji wakipita tena mwakani ataipunguza.